Poti Imejibu Nini?

Pasiwadi ya Wi-Fi ya ploti haijawai kuwa siri. Keateka alipea msee wa keja nambari tatu, huyo akapea manzi yake, manzi akapea sistee yake mwenye hukuja wikendi, na mathe wa smokie hapo geti ako nayo tangu ile siku aliomba acheki tu M-Pesa. Ikifika jioni neti inatambaa, muvi inagoma katikati, na kwa ngazi kila mtu anauliza: kwani tuko wangapi humu ndani?

Hiyo swali iko na jibu, na jibu haitaki uvae hudi nyeusi ukae gizani. Inataka lapi, Python, na laibrari inaitwa Scapy. Mistari zenyewe ndio hizi:

from scapy.all import *
swali = Ether(dst="ff:ff:ff:ff:ff:ff")/ARP(pdst="192.168.1.0/24")
majibu, kimya = srp(swali, timeout=2)
for tuma, jibu in majibu:
    print(jibu.psrc, jibu.hwsrc)

Ile mkwaju iko katikati ya mstari wa pili ndio utamu wa Scapy. Paketi ya mtandao ni tabaka juu ya tabaka, na hapa unazipanga na mkono wako: chini Ether, juu yake ARP, unashikanisha na mkwaju, imeisha. Zile ff zote ni anwani ya kusema "hii ni ya kila mtu ako hapa". ARP nayo ni itifaki ya kuuliza "nani ako na IP hii, na nambari yake ya MAC ni gani?" Imekuwa hivyo tangu 1982, kabla hata mathe na fathe hawajapatana. Scapy inauliza hiyo swali anwani 256, inangoja sekunde mbili, alafu inakurudishia mafungu mawili: wenye wamejibu na wenye wamenyamaza. Mimi nimeziita majibu na kimya ju Python haijali unaita vitu zako na lugha gani. Andika na Kimeru ka unataka.

Kabla urushe hiyo kitu kwa neti ya ploti, simama hapo kiasi. Hiyo ruta si yako. Ni ya lando, ama ya yule boy anauza Wi-Fi mtaa mzima na vocha za ashu, na kwake wewe ni mteja tu. Kenya iko na sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandao, ya 2018. Kuingia kwa mfumo wa mtu bila ruhusa, kifungu cha 14, ni faini hadi milioni 5 ama miaka 3 ndani, ama zote pamoja. Kunasa data ya watu ikipita, kifungu cha 17, ni hadi milioni 10 ama miaka 5. Kuuliza ARP si kuingia kwa mashine ya mtu, sawa, lakini enda ukaelezee sanse hiyo tofauti saa nne usiku na lapi yako ikiwa kwa meza yao. Poa ni kwamba hiyo sheria yenyewe, kwa kifungu cha 18 chenye kinabonga kuhusu programu za uhalifu, imeachia nafasi kazi ya mafunzo, majaribio na ulinzi yenye imeidhinishwa. Neno la kushika hapo ni kuidhinishwa. Kwa hivyo bonga na lando, akuandikie ata ka-WhatsApp kamesema "sawa, angalia". Akikataa, washa hotspot ya simu yako, unganisha lapi na ile simu ya zamani yenye kioo imepasuka, na hiyo ndio maabara yako.

Tuseme amekubali. Umerusha skripti, terminali imetapika IP kumi na moja na MAC kumi na moja. Sasa hapa ndipo wasee wengi huchoma. Wanahesabu mistari wanatangaza: "tuko kumi na moja!" Zii. Umepata vifaa kumi na moja vyenye vimejibu ndani ya sekunde mbili. Simu yenye imelala ili isave betri inaeza kunyamaza. Na ka ruta imewekwa ile mpangilio ya kutenganisha wateja, venye neti nyingi za kuuza hufanya, utaona tu ruta yenyewe na ukuta. Ploti iko na watu arobaini, skripti inakuonyesha mmoja. Skripti haijadanganya. Wewe ndio umeisoma vibaya.

MAC nazo ziko na mambo. Zamani ungechukua zile tarakimu sita za kwanza ukajua kampuni yenye ilitengeneza kifaa: hii Samsung, hii Tecno, hii ni dikoda ya TV. Lakini tangu Android 10 na iOS 14, simu hujipea MAC ya kubuni ikiingia kwa Wi-Fi, ndio isifuatwe-fuatwe. Njia ya kuzigundua ni fupi: cheki tarakimu ya pili. Ikiwa ni 2, 6, A ama E, hiyo anwani imetungwa na kifaa chenyewe, usijisumbue kutafuta mtengenezaji. Kwa ploti ya vijana zaidi ya nusu ya orodha inaeza kuwa hivyo. Kumaanisha ile ndoto ya kujua ni nani exactly anakula bando, kwa jina na namba ya keja, si Scapy itakuletea. Ruta ndio inajua nani anavuta data mingi, na hiyo iko kwa ukurasa wa mwenye ruta.

Scapy ilitengenezwa na Mfaransa anaitwa Philippe Biondi, na imekuwa hapa tangu 2003. Wakati huo zana zilikuwa mob, kila moja na kazi yake: moja ya kuping, moja ya kuskani poti, moja ya kufuata njia ya paketi. Shida yenye Biondi alikuwa nayo na hizo zana ndio imenifanya nipende kitu yake kushinda zingine zote, na naona ndio sababu kila kijana anataka kuingia saiba angeanza hapa. Zana nyingi zinakupea uamuzi. Zinasema "poti iko wazi". Kwa maelezo ya Scapy, Biondi anasema hiyo si kazi ya programu: programu isome paketi, kutafsiri aachiwe binadamu. Chenye kilifanyika ni kwamba SYN-ACK imerudi. "Iko wazi" ni maoni. Mara nyingi ni maoni sawa, lakini ile siku si sawa, mwenye alizoea kupewa uamuzi hana pa kuanzia.

SYN-ACK ni nini? Mashine mbili zikitaka kubonga kwa TCP, zinasalimiana kwanza, na salamu ni ile yetu tu. Wa kwanza anasema "niaje?", hiyo ni SYN. Wa pili anajibu "poa, niaje?", hiyo ni SYN-ACK. Wa kwanza anamaliza "fiti", hiyo ni ACK, na stori inaanza. Ukitaka kujua ka kuna msee nyuma ya mlango fulani, yaani poti, si lazima mbonge stori yote, rusha tu "niaje" uskie:

jibu = sr1(IP(dst="192.168.1.1")/TCP(dport=80, flags="S"), timeout=2)

Ikirudi na bendera SA, kuna mtu hapo anataka kubonga. Ikirudi RA, mashine iko lakini hiyo poti haina mtu, na imekuambia wazi. Isiporudi kitu, eeh, hapo sasa ndio kichwa inafanya kazi: faiawoli imeangusha paketi yako kimya kimya? Paketi imepotea njiani? Mashine imezimwa? Jibu la nne ni ICMP aina ya 3, yaani ujumbe wa "hapa hapafikiki", na hii watu huiruka. Angalia imetoka kwa nani. Ikitoka kwa IP tofauti na yenye uliuliza, kuna kifaa katikati kimekuongelesha kwa niaba ya mwingine, na umejifunza kitu kuhusu ramani ya hiyo neti yenye hakuna mtu alikuambia.

Kuna kituko kingine utakutana nacho ukiwasha Wireshark kando ucheki paketi zikipita. Umerusha SYN, SYN-ACK imerudi, alafu lapi yako mwenyewe inatuma RST, yaani inakata salamu, na wewe hujaiambia. Sababu ni kwamba ile SYN uliitengeneza na Scapy, ukapitia nyuma ya mgongo wa keneli, kiini cha mfumo wa lapi. Keneli inaona "poa, niaje?" imekuja kutoka kwa mtu haijasalimia, inasema "huyu mimi simjui", inafunga mlango. Kwa kuskani haina noma, jibu ushapata. Ukitaka kuendelea na stori hadi mwisho ndio utalazimika kuwekea iptables, faiawoli ya Linux, sheria ya kuzuia hizo RST zisitoke. Kwa maoni yangu hiyo ka-RST inakufunza mengi kuhusu mfumo wa lapi yako kushinda video nyingi za YouTube.

Zungusha huo mstari kwa poti kadhaa na ushajitengenezea skana. Itakuwa polepole. Nmap, yenye Gordon Lyon alitoa 1997, itaimaliza mbio mara nyingi sana, na kazini utatumia Nmap. Lakini utaisoma ukijua chenye inafanya.

Kwa ruta yako, poti yenye ningeangalia kwanza ni 23, Telnet. Ikirudisha SA, usilale. Telnet hupitisha pasiwadi bila kuficha, na ndio mlango wenye Mirai iliingilia 2016. Mirai ilikuwa programu ndogo yenye ilizunguka intaneti ikigonga poti 23 na 2323 kwa kamera na ruta, ikijaribu orodha ya kama pasiwadi 60 zenye zimetoka kiwandani na hakuna mtu amebadilisha. Admin kwa admin, vitu ka hizo. Vijana wenye waliiandika walikuwa wanachuo Marekani na mabeshte zao, na vita yao ya kwanza ilikuwa ya seva za Minecraft. Walikubali makosa kortini Desemba 2017.

Stori ingefia hapo, lakini kodi yake ilimwagwa wazi, na msee mwingine akaiokota. Daniel Kaye, Mwingereza, alilipwa kuangusha Lonestar, kampuni ya simu Liberia, ili mpinzani wake afaidike. Neti ya nchi iliyumba. Novemba 2016, toleo lake la Mirai likaanza kugonga poti 7547, yenye kampuni za intaneti hutumia kusimamia ruta za wateja kutoka mbali. Ujerumani, wateja kama 900,000 wa Deutsche Telekom wakajikuta bila neti. Januari 2019 korti ya London ikampea Kaye miezi 32. Kwa hivyo ukiona 23 ama 7547 inajibu, jua hizo namba zishawai kufikisha watu kortini. Kwa 23, ingia kwa ruta uizime. Kwa 7547 pole pole, ju hiyo inaeza kuwa ni ya kampuni yako ya neti na wanaihitaji. Lakini yafaa kujibu wao pekee, si intaneti nzima. Na ukiwa ndani unaskani upande wa ndani. Venye ruta inaonekana kutoka nje ni jaribio lingine.

Zana ya tatu ndio napenda zaidi ju haiulizi mtu kitu. Inakaa tu inaskiza. ARP, ile ya 1982, haina njia ya kuthibitisha nani anasema ukweli. Ruta ikiwa 192.168.1.1, msee yeyote kwa neti anaeza kuambia lapi yako "192.168.1.1 ni mimi", na lapi inamuamini, na trafiki yako inaanza kupitia kwake. Mchezo wa kitambo, bado unafanya kazi kwa neti mob. Kuukamata ni hivi:

mlango = "aa:bb:cc:11:22:33"
def cheki(p):
    if p[ARP].op == 2 and p[ARP].psrc == "192.168.1.1" and p[ARP].hwsrc != mlango:
        print("Ngori!", p[ARP].hwsrc)
sniff(filter="arp", prn=cheki, store=0)

Kwa mlango unaweka MAC ya ukweli ya ruta yako. Op 2 ni jibu la ARP. Kila jibu lenye linajiita ruta na MAC si ile unajua, terminali inapiga nduru. Store=0 ni ya kuambia Scapy isiweke paketi zote kwa memori, ju ukiacha hii kitu usiku kucha kwa lapi ya giga nne, asubuhi utapata imekufa.

Iko na mipaka. Ka jamaa alikuwa ashaanza mchezo wakati unaandika MAC ya ruta, umeandika yake. Geuza ruta usome stika chini, na usishtuke tarakimu ya mwisho ikitofautiana kidogo, ruta moja inaeza kuwa na MAC kadhaa zimefuatana. Lando akibadilisha ruta, itapiga nduru na hakuna mwizi. Na inalinda wewe pekee: uongo wenye umetumwa moja kwa moja kwa simu ya jirani haupiti kwa lapi yako, hutauona.

Sasa kuna wale nawajua hadi hapa wamekuwa wakingoja niseme venye Scapy inaangusha seva. Tulieni. Julai 2023, eCitizen ilipozimika na watu wakakwama na huduma zaidi ya 5,000 za serikali, mtaa mzima ulisema "wamedukuliwa". Kikundi kilijiita Anonymous Sudan ndio kilijigamba, na waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, akakubali kulikuwa na shambulio lakini akasema data haijapotea. Kilikuwa ni kufurika: maombi mengi kwa wakati mmoja hadi mlango unazibika. Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani ju ya hicho kikundi. Hiyo kazi inataka mitambo mikubwa na spidi, na Scapy haina spidi, ni Python, kila paketi inajengwa polepole kwa uangalifu. Ukijaribu kufurika seva na Scapy utachosha feni ya lapi yako, na IP yako itakuwa kwa logi zao.

Vifaa havitaki doo mob. Lapi ya mtumba kutoka pale tao, Linux ndani, pip install scapy. Windows pia inakubali, ukiweka Npcap. Utahitaji sudo ju paketi ghafi hazitumwi na mtumiaji wa kawaida, na ndio maana pia Termux kwa simu yenye haina ruti itakukatalia, usipoteze wikendi hapo. Ukichoka kuskani ruta yako, shusha Metasploitable 2, mashine yenye imetobolewa makusudi, uiweke ndani ya VirtualBox kwa neti ya ndani pekee. Usiiachilie nje, itavamiwa. Na ukitaka kuonja intaneti ya ukweli, watu wa Nmap wameweka scanme.nmap.org na wamesema wazi unaeza kuiskani, mara chache kwa siku, bila fujo.

Alafu andika. Hii ndio sehemu mabeshte hukwepa. Kila jaribio, weka tarehe, saa, nani amekupea ruhusa, umetuma nini, nini imerudi, na kando kabisa, safu yake pekee, unadhani hiyo inamaanisha nini. Usichanganye hizo safu mbili za mwisho. Kwa intavyu ya saiba watakuuliza ka unajua Nmap, kila mtu anajua Nmap. Swali ya pili ndio huwa inakata watu: "Umesema poti 443 imefungwa na faiawoli. Umejuaje?" Mwenye amezoea Scapy anafungua hizo safu anasoma: nilituma SYN tatu, hakuna kitu ilirudi, poti 80 kwa mashine hiyo hiyo ilirudisha RA, kwa hivyo mashine ilikuwa hai na njia ilikuwa wazi. Alafu anangoja swali lingine.